Adabu ya Ragna Tveit

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa ukungu hulala juu ya mashamba ya Torvik mpaka saa tatu asubuhi. Ukisimama barabarani huoni kitu isipokuwa kichwa cha ghala la nafaka, kinaelea peke yake kama kimesahauliwa angani. Ndani ya ukungu huo, tukisubiri basi la shule pamoja na binti yake Signe, Ragna aliniambia kwamba anagombea kiti kwenye bodi ya shule.

Alisema kwa sauti ya mtu anayekiri kuvunja sahani ya jirani.

"Umejiandikisha lini?" nikamuuliza.

"Wiki tatu zilizopita."

"Wiki tatu! Na hujamwambia mtu?"

"Sikutaka kusumbua watu, Thea. Walikuwa kwenye mavuno ya ngano."

Taa za basi zikatangulia kutokea, kisha basi lenyewe. Signe akapanda bila kutuaga, akakaa kiti chake cha mbele, akaegemeza paji la uso kwenye kioo. Basi likaingia ukunguni na mtoto wetu ndani yake. Nasema wetu kwa sababu nakaa ng'ambo ya barabara, na tangu baba yake Signe ahamie mji wa Fargo kwa mke mwingine, mimi ndiye ninayempokea akitoka shule mpaka mama yake arudi kutoka kazini. Signe hasemi, na mimi si msemaji. Tunaelewana.

Ana miaka saba. Shuleni Torvik kuna chumba kidogo mwisho wa ukumbi, karibu na bomba la kupasha joto, na ndani yake kuna watoto wanne na mwalimu mmoja, Bi Verna. Bi Verna ndiye aliyemfundisha Signe kuzungumza kwa kadi za picha. Kadi ya maji, kadi ya koti, kadi ya kichwa kinauma. Kabla ya hapo mtoto alikuwa akilia siku nzima na hatujui analilia nini.

Bodi ilitaka kukifunga chumba kile. Watoto wanne ni wachache mno, walisema, wapelekwe mjini, kuna shule kubwa yenye vyumba vya namna hiyo. Mjini ni mwendo wa saa moja na robo kwa basi kwenda, na saa moja na robo kurudi. Signe alishapelekwa huko alipokuwa na miaka mitano. Alikwenda mwezi mmoja. Wiki ya pili aliacha kula, ya tatu aliacha kumwangalia mama yake usoni. Ragna alimrudisha nyumbani, na ilichukua majira yote ya baridi mpaka mtoto amwangalie tena.

Wajumbe wa bodi ni saba. Watatu walitaka kukifunga chumba, watatu hawakutaka. Wa saba alikuwa Mzee Lowell Brekke, mkulima aliyestaafu wa viazisukari, mizizi inayokamuliwa sukari, miaka kumi na sita katika kiti kile, naye alikwisha kusema kwamba atapiga kura ya kufunga. Kura yenyewe ilipangwa mwezi wa kwanza. Kiti cha Mzee Lowell kilikuwa kinagombewa mwezi wa kumi na moja. Ndicho alichojiandikishia Ragna.

Miaka miwili Ragna alikuwa akienda kwenye kila mkutano wa bodi. Mwananchi hupewa dakika tatu. Anasimama mbele ya meza ndefu, saa ya jikoni inawekwa, anasema, saa inalia, anakaa. Wajumbe hawaruhusiwi kumjibu. Ni kanuni. Basi Ragna alisimama mara ishirini na kitu mbele ya watu saba waliomjua tangu ubatizo, akawaambia habari za mtoto wake, nao wakaangalia kalamu zao, saa ikalia, akasema "asanteni kwa muda wenu," akaketi. Mikutano ikiisha Mzee Lowell alimfungulia mlango.

Habari ya kugombea ilipomfikia rafiki yetu Darlene, alikuja mbio na aproni ya duka ikiwa bado kiunoni. Darlene aliolewa hapa kutoka kaskazini, kwa wachimba chuma, watu wanaosema wanachotaka wakiwa bado mlangoni.

"Wewe Ragna! Wiki tatu umekaa na siri kama mimba ya kuiba? Vibao viko wapi? Umeshapita nyumba ngapi?"

"Nilidhani nitaanza kupita mavuno ya viazisukari yakiisha."

"Mavuno yakiisha uchaguzi umeisha, dada. Keti. Thea, lete kalamu. Mimi ndiye mkuu wa kampeni."

"Kuna kampeni?" Ragna akauliza.

"Sasa ipo."

Vibao tulivipaka rangi sebuleni kwangu, herufi nyeupe juu ya bluu. Signe alitembea katikati yake akiwa na soksi, taratibu, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe. Siku ya kuvisimika ardhi ilikuwa ngumu na nyundo ya Ragna ilivunjika mpini. Mzee Lowell alikuwa akipita na gari lake. Akasimama.

"Binti, mbona unapigilia kibao kwa kiatu?"

"Nyundo imevunjika, mzee."

Akashuka, akatoa nyundo yake kubwa ya uzio, akasimika kibao chenye jina la Ragna mbele ya nyumba ya Ragna, kwa mapigo manne. Akarudi nyuma akakitazama kwa jicho moja. "Kimelala kidogo kushoto," akasema, akakinyoosha. Kisha akaondoka. Darlene aliyaona hayo kutoka dirishani, akashika kichwa.

"Huyu mtu anakupigia kampeni kuliko wewe."

Mwezi wa kumi ulifika. Malori ya viazisukari yalipita mchana na usiku yakidondosha matope barabarani, na harufu tamu ya udongo ikaingia mpaka kwenye nguo zilizo kabatini. Mabata bukini walikuwa wanaondoka kwenda kusini, kukimbia baridi. Walipita juu yetu kwa maelfu, mchana kutwa, na sauti zao zilikuwa kama mlango wa mbali usiokoma kufungwa. Siku kama hizo Torvik huwa kama mji ulio ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Watu wanatembea polepole, wanainua kidole kutoka kwenye usukani kusalimiana, hakuna anayeuliza kitu.

Ragna alipita nyumba kwa nyumba katika hali hiyo, amebeba sinia la keki ya tufaha, mimi na Signe nyuma yake. Kwa kila mlango walimkaribisha. Kwa kila mlango alikataa kahawa, akakataa tena, kisha akanywa. Walizungumza mvua. Walizungumza goti la fulani lililofanyiwa upasuaji. Kisha tukaaga, na kuaga kwetu huku huchukua nusu saa, mezani, mlangoni, kwenye ngazi, na dirishani mwa gari.

Jioni Darlene alimsubiri na orodha.

"Kwa akina Fossum ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Ukawaomba kura?"

"Tulizungumza habari ya paa lao."

"Kwa mjane Nygaard?"

"Ana sungura mpya."

"Ragna. Neno 'kura' ulilitamka leo hata mara moja?"

Ragna akafikiri. "Nadhani wanajua kwa nini nimekuja."

"Wanajua umeleta keki! Mji mzima utanenepa na chumba kitafungwa! Thea, na wewe ulikuwa hapo, hukumfinya?"

Nilisema kweli sikumfinya. Niliona aibu hata kuwazia.

Wiki moja kabla ya uchaguzi wagombea waliitwa kuongea katika ukumbi ulio chini ya kanisa, dakika tatu kila mmoja, kwa saa ile ile ya jikoni. Walikuja watu kama sitini na makoti yao mapajani. Mzee Lowell alisimama kwanza, akasema shule ina watoto wachache kila mwaka, vijana wanahama, na mtu mwenye shamba dogo hawezi kulima kila kona. Hakusema vibaya. Alimwangalia Ragna na kuinamisha kichwa kama anayeomba radhi.

Ragna alisimama na kadi moja mkononi. Alikuwa ameandika hotuba pamoja na Darlene, kurasa mbili, lakini zilibaki kwenye kiti. Akainua kadi. Ilikuwa na picha ya bata bukini.

"Juzi Jumanne," akasema, "nilikuwa naosha vyombo. Signe akaja akanishika kidole, akanipeleka dirishani. Hakuwa anataka kitu. Hakuwa na njaa wala kiu. Akanionyesha kadi hii, kisha akanionyesha juu. Walikuwa wanapita. Alitaka tu nione. Miaka saba, hiyo ndiyo mara ya kwanza ameniambia jambo ambalo si la shida. Tulisimama pale mpaka maji ya vyombo yakapoa. Bi Verna alitengeneza kadi hii mwezi wa nane, kwa sababu alijua watapita. Sasa kama huyo mtoto atakuwa ndani ya basi asubuhi na jioni, mimi nilikuwa nataka kuwaambieni kwamba…"

Saa ya jikoni ikalia.

Ragna akafunga mdomo. Akasema asanteni kwa muda wenu, akaketi.

Mtu mmoja nyuma alipenga kamasi. Hakuna aliyemwambia aendelee, kwa sababu ingekuwa si haki kwa Mzee Lowell, naye Mzee Lowell hakusema, kwa sababu ingeonekana anajifanya mkarimu. Basi tukanywa kahawa.

Garini Darlene alipiga usukani. "Sentensi, Ragna! Ulikuwa umebakiza sentensi moja!"

"Muda ulikwisha."

"Hata wanaokufa huongezewa dakika!"

Siku ya uchaguzi theluji ya kwanza ilianguka, nyepesi, isiyofika chini. Watu wa Torvik hupigia kura kwenye jengo la wazima moto. Magari mekundu yanatolewa nje, yanapangwa kwenye uwanja, na ndani wanaweka vibanda vinne vyenye mapazia. Mimi nilipiga upesi nikatoka. Ragna aliingia kwenye kibanda cha mwisho. Niliona viatu vyake chini ya pazia. Vilisimama vimebana, kimoja juu ya kingine, kama vya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Vilikaa hivyo muda mrefu. Alipotoka mashavu yake yalikuwa mekundu, nami nikadhani ni baridi.

Asubuhi iliyofuata matokeo yalibandikwa mlangoni. Brekke, mia moja themanini na saba. Tveit, mia moja themanini na saba.

Walihesabu tena Alhamisi, karatasi kwa karatasi. Ikawa hivyo hivyo. Sheria yetu katika jambo hilo ni fupi: kura zikilingana, wagombea wataokota vikaratasi mbele ya karani wa wilaya. Siku ikapangwa, Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi.

Jioni hiyo tulikuwa jikoni kwa Ragna, Darlene akizunguka meza kwa furaha na hasira pamoja.

"Moja tu! Nimekosa kumtoa nani nyumbani? Mjomba Arne alikuwa amelala. Ningembeba na godoro lake! Kura moja tu, jamani, ingetosha moja!"

Ragna alikuwa anakausha kikombe. Alikikausha, akakiweka, akakichukua tena akaanza kukikausha upya.

"Nilimpigia Lowell," akasema.

Hatukuelewa.

"Nilimpigia Lowell," akarudia. "Kura yangu. Nilimpa yeye."

Darlene akaketi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameketi katika nyumba ile bila kuambiwa. "Kwa nini?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Unaweza kujiwekea alama mwenyewe?" Ragna akasema. "Wewe unaweza. Mimi kwetu tulikuwa sita. Kipande cha mwisho kwenye sahani kilikuwa kinakauka hapo, hakuna wa kukishika. Mama alisema mtu anayejichagua hana wa kumchagua. Nilisimama pale kibandani, nikaliona jina langu, nikaona aibu kama niko uchi. Nikaona yeye alininyooshea kibao. Nikasema moyoni, kura moja haiwezi kuharibu kitu. Ni adabu tu."

"Adabu," Darlene akasema.

"Hata baba yangu alipogombea uzee wa kanisa alimpigia mwenzake."

"Akashinda?"

"Hapana."

Mimi nilijua hayo. Kila mtu aliyezaliwa Torvik anayajua. Ningekuwa mimi katika kibanda kile, nadhani ningefanya kama yeye, na ningetoka nimeridhika. Ndiyo sababu sikuweza kumtazama.

Signe alikuwa sakafuni, anapanga kadi zake kwa safu ndefu kutoka kwenye jokofu mpaka mlangoni. Ragna akainama, akataka kumsaidia, mtoto akamsukuma mkono polepole, kama anavyofanya anapotaka kupanga peke yake. Ragna akabaki amechuchumaa pale.

"Nimempigia kura ya kumpeleka mjini," akasema. "Mimi mwenyewe. Kwa mkono wangu."

Darlene aliinuka. Akaenda akamshika mabega kwa nyuma, wakakaa hivyo, na dirishani theluji sasa ilikuwa inafika chini.

Siku zilizofuata Ragna aliishi kama mtu anayetembea chini ya maji. Alinijibu baada ya muda. Alimimina maziwa kwenye kikombe kilichojaa. Usingizini, aliniambia, aliota yuko shambani katika ukungu, na watu wote wa mji wamesimama kwa mstari wakimpisha, kila mtu anasema tangulia wewe, naye anasema tangulieni nyinyi, na mstari hauendi, na mbali anasikia basi linawashwa.

Ijumaa ilikuja na umande ulioganda. Kila waya, kila jani la nyasi, kila uzio ulikuwa umevaa manyoya meupe, na jua lilipotoka nyuma ya ukungu hakukuwa na mstari kati ya ardhi na mbingu. Tulikwenda na Signe. Ragna alisema anataka mtoto awepo mahali atakapomwona. Darlene ndiye aliyeendesha.

Ofisi ya wilaya ina ukumbi wenye mabenchi. Mzee Lowell alikuwa ameshafika, amevaa tai, nywele zake zimelazwa kwa maji. Akasimama alipotuona.

"Habari za barabara?"

"Nyeupe, mzee. Lakini haitelezi."

"Vizuri."

Signe akaenda kwenye tundu la sakafuni linalotoa hewa ya moto, akaketi juu yake, sketi ikajaa hewa.

"Mzee," Ragna akasema, "nina jambo la kukuuliza, nalo si adabu."

"Uliza."

"Ulimpigia nani?"

Uso wa Mzee Lowell ukaiva. Akatazama mlango, akanitazama mimi, akarudi kwa Ragna. "Nilijipigia," akasema. "Mke wangu aliniambia ni aibu. Nikamwambia karatasi haina macho. Kwa nini?"

"Mimi nilikupigia wewe."

Akakaa kwenye benchi. Alikuwa mtu wa mahesabu, miaka arobaini ya mashamba, na niliona anahesabu, midomo inacheza. Kama Ragna naye angejipigia, Ragna angekuwa na mia moja themanini na nane, na yeye mia moja themanini na sita.

"Basi walikutaka wewe," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Lakini sheria…"

"Najua sheria."

"Ningejua, Ragna…"

"Ungefanya nini?"

Sidhani alijua. Mlango ukafunguliwa na karani, Bi Joyce Stenerud, akatuita ndani.

Juu ya meza palikuwa na kopo tupu la kahawa. Bi Joyce alituonyesha vikaratasi viwili, sawa kwa ukubwa. Kimoja kimeandikwa AMECHAGULIWA, kingine hakina kitu. Akavikunja mara mbili mbele yetu, akavitia, akatikisa kopo, akaliinua juu ya usawa wa macho.

"Nani atatangulia?" akauliza.

Mzee Lowell akanyoosha kiganja kuelekea kopo, kama anavyofungua milango. "Tangulia, binti."

Hapo kuna neno linalosemwa. Sote tulijua. Hapana, tangulia wewe, mzee. Naye angesema hapana, mwanamke kwanza, na Ragna angesema umri kwanza, na baada ya hapo mzee angeinua mabega na kutia mkono. Bi Joyce alikuwa ameshashusha kopo kidogo ili apumzishe mkono, akijua kutakuwa na kusubiri.

Ragna hakulisema neno hilo. Mzee Lowell alikuwa bado hajarudisha kiganja chake, yeye alikuwa ameshatia mkono mpaka kwenye kifundo. Bati likalia. Bi Joyce akashtuka akaliinua tena, na mkono wa Ragna ukainuka nalo, umenaswa humo, ukatoka na kikaratasi.

Hakukifungua taratibu. Alikifungua kwa haraka, kwa kucha, karibu akichane.

Akakisoma. Akakiweka mezani, maandishi juu, akaweka kidole chake juu yake.

"Ni changu," akasema.

Darlene alitoa sauti ambayo sijawahi kusikia ikitoka kwa mtu mzima. Bi Joyce aliandika kitu kwenye kitabu. Mzee Lowell akatia mkono kwenye kopo, akatoa kile kingine, akakifungua ingawa hakikuwa na maana tena, akakitazama pande zote mbili.

"Ulichukua cha juu?" akauliza.

"Cha juu."

"Hata mimi ningechukua cha juu." Akakikunja akakitia mfukoni mwa koti. Kisha akampa mkono, na Ragna akaushika, wakabaki wameshikana hivyo muda mrefu kuliko kawaida yetu. "Miaka miwili ulikuwa unasimama pale mbele," mzee akasema. "Mimi nilikuwa nakusikia. Ujue nilikuwa nakusikia."

"Ulikuwa ufanye nini na chumba, mzee?"

"Kukifunga," akasema, bila kuficha. "Ningekifunga, kisha ningekuja kukuondolea theluji mlangoni."

"Najua," Ragna akasema.

Mwezi wa kwanza bodi ilikutana saa kumi alasiri, katika maktaba ya shule, dirisha likiwa limejaa ile bluu ya theluji kabla jua halijazama. Mimi na Signe tulikaa nyuma, karibu na rafu za vitabu vya wanyama. Bi Verna alikuwa mbele yetu, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Karani wa bodi akasoma hoja ya kukifunga chumba cha mwisho wa ukumbi, kisha akaita majina, mmoja mmoja. Ndiyo, hapana, hapana, ndiyo, ndiyo, hapana. Jina la Tveit, kwa mpangilio wa herufi, huja mwisho.

"Hapana," Ragna akasema.

Alisema kwa chini sana. Karani akainua kichwa. "Samahani, Bi Tveit, sikusikia."

Ragna akavuta kiti chake karibu na meza. Nilimwona akitafuta pa kuweka mikono, kisha akaiweka mezani, wazi, mbele ya watu wote.

"Nimesema hapana," akasema. "Chumba kinabaki."

Karani akaandika. Bi Verna akafungua mkoba, akaufunga. Nje taa za uwanjani ziliwaka, na Signe akalala begani kwangu kabla hawajafika kwenye hoja ya pili, iliyohusu paa la chumba cha mazoezi na iliyochukua saa nzima.